Maumivu Yanayopenya Dawa kwa Wagonjwa wa Saratani: Maana, Tiba na Wajibu wa Familia

Mgonjwa wa saratani anayemeza dawa ya maumivu kwa saa zilizopangwa anaweza kupitisha sehemu kubwa ya siku akiwa ametulia, kisha akashikwa ghafla na maumivu makali yanayofikia kilele ndani ya dakika chache. Mara nyingi wanaomuuguza hudhani kuwa dawa imeshindwa kazi, au kwamba ugonjwa umefikia mwisho. Dhana hizo si sahihi. Hali hiyo inafahamika katika utabibu na ina matibabu yake. Mgonjwa anayetumia dawa kali za maumivu anastahili kupewa maelekezo ya kukabiliana nayo kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani.

Katika makala haya hali hiyo inaitwa maumivu yanayopenya dawa, kwa kuwa hupenya kinga iliyojengwa na dawa ya kila siku. Jambo la msingi la kuzingatiwa na wananchi ni muda. Kwa kawaida tukio moja la maumivu hayo hudumu kati ya nusu saa na saa moja. Kwa familia nyingi, hasa za vijijini, muda huo ni mfupi kuliko safari ya kwenda hospitali. Kwa sababu hiyo tiba yake inapaswa kuwa nyumbani, ikiwa imeandikwa, imeeleweka na iko karibu na mgonjwa.

Maana ya maumivu yanayopenya dawa

Wataalamu hutenganisha aina mbili za maumivu kwa mgonjwa wa saratani. Ya kwanza ni maumivu ya msingi, yaani yale yanayokuwapo kwa saa 12 au zaidi kwa siku, ambayo hudhibitiwa kwa dawa inayotolewa kwa ratiba. Ya pili ni maumivu yanayochomoza kwa muda juu ya yale ya msingi, ilhali ya msingi yamekwisha kudhibitiwa vya kutosha. Hayo ya pili ndiyo yanayopenya dawa.

Maelezo ya kitaalamu yaliyoipa hali hii nafasi yake katika tiba yalichapishwa mwaka 1990 na madaktari Russell Portenoy na Neil Hagen, waliochunguza wagonjwa 63 wenye maumivu ya saratani. Karibu theluthi mbili ya wagonjwa hao walikuwa na vipindi vya maumivu makali vilivyojitokeza juu ya maumivu yao ya kawaida. Tangu wakati huo, suala hili limekuwa sehemu ya miongozo ya matibabu ya saratani duniani.

Ni muhimu kutofautisha hali hii na maumivu ambayo hayajadhibitiwa tangu mwanzo. Mgonjwa anayeumwa mchana kutwa na usiku kucha hana maumivu yanayopenya dawa, bali dawa yake ya ratiba haitoshi au haimfai. Mgonjwa huyo anahitaji kuonwa upya na mtaalamu ili mpango wake wote wa tiba uangaliwe.

Aina zake na chanzo cha kila aina

Aina ya kwanza ni maumivu yanayochochewa na tendo fulani. Mgonjwa ambaye saratani imesambaa kwenye mifupa huumia anapoinuka kitandani au anapogeuzwa. Mwenye kidonda cha saratani ya titi huumia wakati wa kubadilishiwa bandeji. Mwenye saratani ya koo la chakula huumia anapomeza, na mwenye saratani ya mlango wa kizazi anaweza kuumia anapokwenda haja. Mengi ya maumivu ya aina hii hutabirika, na kwa hiyo yanaweza kukingwa kabla hayajaanza. Machache hayatabiriki, kama yale yanayoletwa na kikohozi au chafya.

Aina ya pili ni maumivu yanayojitokeza yenyewe bila kichocheo kinachoonekana. Huweza kutokana na mshipa wa fahamu uliobanwa au kuvamiwa na uvimbe, ambapo mgonjwa huyaeleza kuwa ni kama moto, kama shoti ya umeme au kama kuchomwa sindano. Huweza pia kutokana na msokoto wa utumbo au wa kibofu. Maumivu haya ndiyo yanayotisha familia zaidi, kwa sababu hayatoi taarifa.

Aina ya tatu ni maumivu yanayorudi kila dawa inapokaribia kwisha mwilini. Mgonjwa anayetumia dawa saa 12 asubuhi na saa 4 asubuhi anaweza kuanza kuumwa saa 3 kila siku, na hali hiyo ikajirudia kabla ya kila dozi. Baadhi ya wataalamu hawaihesabu aina hii kuwa ni maumivu yanayopenya dawa, kwa kuwa inaashiria kwamba dozi ya ratiba ni ndogo. Dawa yake ni mtaalamu kuongeza kiwango cha dozi ya ratiba, wala si familia kuisogeza mbele ratiba yenyewe.

Kujua aina ni hatua ya kwanza ya tiba, kwa kuwa kila moja inatibiwa kwa namna yake. Wa kwanza kuitambua ni mtu aliye karibu na mgonjwa, naye mara nyingi ni mama, mke, binti, kaka au jirani.

Dawa ya ratiba na dozi ya nyongeza

Mwaka 1986 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa utaratibu wa ngazi tatu wa kutibu maumivu ya saratani, kuanzia dawa za kawaida kama parasetamo hadi dawa kali za jamii ya afyuni, ambayo mofini ndiyo maarufu zaidi. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2018 unasisitiza kuwa dawa itolewe kwa mdomo kila inapowezekana, itolewe kwa saa bila kusubiri maumivu, ipangwe kulingana na hali ya kila mgonjwa, na mambo madogomadogo yazingatiwe kwa makini. Mwongozo huo unaeleza pia kuwa maumivu yanayopenya dawa yatibiwe kwa dozi ya ziada ya dawa inayofanya kazi haraka, kwa mfano mofini ya kawaida ya kunywa.

Kwa maana hiyo, mgonjwa anayetumia mofini huandikiwa mambo mawili: dozi ya ratiba, ambayo kwa mofini ya maji hutolewa kila baada ya saa 4, na dozi ya nyongeza, ambayo hutumika maumivu yanapochomoza katikati ya saa za ratiba. Dozi ya nyongeza haichukui nafasi ya dozi ya ratiba. Mgonjwa aliyepewa nyongeza saa 3 asubuhi bado hupewa dozi yake ya saa 4 kama kawaida, isipokuwa awe amesinzia kupita kiasi.

Mfano ufuatao unaonyesha namna wataalamu wanavyofanya hesabu, wala si maelekezo ya dozi kwa mgonjwa yeyote. Mgonjwa anayetumia miligramu 10 za mofini kila baada ya saa 4 hutumia miligramu 60 kwa siku. Dozi yake ya nyongeza kwa kawaida huwa kati ya nusu ya dozi ya ratiba na dozi nzima, yaani kati ya miligramu 5 na 10. Ikiwa mofini aliyopewa ina miligramu 5 katika kila mililita 5, miligramu 10 ni sawa na mililita 10. Kipimo hicho hupimwa kwa sirinji isiyo na sindano au kikombe chenye alama. Vijiko vya nyumbani havilingani ukubwa na visitumike.

Idadi ya nyongeza humpa mtaalamu taarifa muhimu. Ikiwa mgonjwa katika mfano huo amehitaji nyongeza tatu za miligramu 10 kwa siku kutokana na maumivu yasiyo na kichocheo, jumla ya mofini aliyotumia ni miligramu 90. Mtaalamu anaweza kugawa jumla hiyo kwa dozi sita na kumpangia miligramu 15 kila baada ya saa 4, kisha akarekebisha nyongeza ilingane na kiwango kipya. Lakini ikiwa nyongeza zote tatu zilitolewa kabla ya kusafisha kidonda, kuongeza dozi ya ratiba kunaweza kumfanya mgonjwa asinzie mchana kutwa bila sababu. Hiyo ndiyo tofauti inayoonekana pale tu familia inapoandika nyongeza ilitolewa saa ngapi na kwa sababu gani.

Umuhimu wa kuwahi

Mofini ya kunywa huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 hadi 30, na hufikia nguvu yake kamili baada ya takribani saa moja. Maumivu yanayopenya dawa yanaweza kufikia kilele ndani ya dakika tatu hadi tano. Kutokana na tofauti hiyo, mgonjwa anayevumilia kwa dakika 20 kabla ya kuomba dawa hupata nafuu wakati tukio lenyewe linakaribia kwisha, na kuvumilia kwake hakumsaidii chochote.

Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri mambo mawili. Kwanza, nyongeza itolewe mara tu dalili ya kwanza inapoonekana, bila kusubiri mgonjwa alie au atoe jasho. Pili, kwa maumivu yanayotabirika, nyongeza itolewe takribani nusu saa kabla ya tendo linaloyachochea, kama vile kuoga, kubadilisha bandeji, kusafiri kwenda kliniki au kupanda kitanda cha vipimo. Familia inayozingatia utaratibu huu hubadilisha siku nzima ya mgonjwa, kwa kuwa mgonjwa huacha kuogopa kuguswa.

Zipo dawa za fentanyl zinazowekwa mdomoni au kupuliziwa puani, ambazo hufanya kazi kwa haraka zaidi kuliko mofini ya kunywa. Hata hivyo, bei yake ni kubwa, na zinafaa tu kwa mgonjwa ambaye mwili wake umekwisha kuzoea dawa za jamii ya afyuni. Mofini ya maji inabaki kuwa dawa nafuu na ya kuaminika kwa wagonjwa walio wengi.

Tiba zinazopunguza chanzo

Dozi ya nyongeza huzima tukio, lakini ipo tiba inayolenga kilichosababisha maumivu. Kwa saratani iliyosambaa kwenye mifupa, WHO inapendekeza tiba ya mionzi inayotolewa kwa dozi moja pale inapofaa, jambo linalompunguzia mgonjwa gharama za kukaa mbali na nyumbani kwa wiki kadhaa. Maumivu ya mishipa ya fahamu huweza kupunguzwa kwa dawa kama amitriptilini. Dawa jamii ya steroidi hupunguza uvimbe unaobana viungo, na dawa za kulegeza misuli ya utumbo hutuliza msokoto. Dawa zote hizi hutolewa kwa maelekezo ya daktari.

Uuguzi wa nyumbani nao una nafasi yake. Bandeji iliyokauka juu ya kidonda ilowanishwe kwa maji safi yenye chumvi kabla ya kubanduliwa. Mgonjwa ageuzwe na watu wawili kwa kutumia shuka, wala asivutwe mikono. Mito iwekwe chini ya kiungo kinachouma. Kukanda taratibu mahali pasipo na uvimbe wala kidonda, kupumua polepole, sala na mazungumzo ya utulivu humsaidia mgonjwa kuupita muda wa kusubiri dawa ifanye kazi, ingawa havichukui nafasi ya dawa.

Dame Cicely Saunders, aliyeanzisha St Christopher's Hospice mjini London mwaka 1967, alifundisha kuwa maumivu ya mgonjwa wa saratani huhusisha mwili, akili, uhusiano wake na watu na imani yake kwa pamoja. Mgonjwa mwenye hofu ya ada za shule za watoto au deni la matibabu huumia zaidi. Ndiyo maana timu ya tiba shufaa, yaani huduma inayolenga kumwondolea mgonjwa mateso na kuisaidia familia yake, hujumuisha pia ustawi wa jamii na viongozi wa dini.

Hofu kuhusu mofini

Kikwazo kikubwa cha kudhibiti maumivu haya majumbani ni hofu. Wapo wanaoiita mofini dawa ya kufa, kwa kuwa waliwaona ndugu zao wakiandikiwa wakiwa katika siku za mwisho. Ukweli ni kwamba mofini hutolewa kulingana na ukali wa maumivu, wala haitolewi kwa kuangalia siku zilizobaki. Mgonjwa anaweza kuitumia kwa miezi au miaka, na akapunguziwa au kuachishwa taratibu chini ya uangalizi iwapo tiba ya mionzi au upasuaji utaondoa chanzo cha maumivu. Ikitumika kwa kiwango sahihi kwa mgonjwa mwenye maumivu, haiharakishi kifo.

Hofu nyingine ni uraibu. Ni kweli kwamba mwili wa anayetumia mofini kwa muda mrefu huizoea, na ndiyo maana haipaswi kusimamishwa ghafla. Hali hiyo ni tofauti na uraibu, ambao ni hamu ya kutumia dawa licha ya madhara yake. Mgonjwa anayeomba dawa kwa sababu anaumwa hajawa mraibu. Hata hivyo, mtu mwenye historia ya matumizi ya dawa za kulevya, au familia yenye mtu wa namna hiyo, inapaswa kumweleza mtaalamu mapema ili mpango wa kutoa na kutunza dawa uzingatie jambo hilo.

Wapo pia wagonjwa wanaoficha maumivu ili wasiwasumbue wenzao, au wakiamini kuwa kulalamika ni udhaifu wa imani. Kwa mgonjwa wa namna hiyo, uso uliokunjamana, kukataa kugeuzwa, kuacha kula au kukosa usingizi huwa ndiyo maneno yake. Kipimo rahisi ni cha mkono: ngumi iliyofumbwa humaanisha hakuna maumivu, kidole kimoja maumivu madogo, na vidole vitano maumivu yasiyovumilika. Kipimo hiki humfaa pia mtoto mkubwa na asiyejua kusoma.

Madhara, usalama na utunzaji wa dawa

Karibu kila anayetumia mofini hupata choo kigumu, na tofauti na madhara mengine, hili haliishi kwa mwili kuzoea. Kwa sababu hiyo dawa ya kulainisha choo huandikwa pamoja na mofini tangu siku ya kwanza. Kichefuchefu na usingizi hutokea mwanzoni, na kwa wagonjwa wengi hupungua baada ya siku chache. Usingizi wa siku mbili za mwanzo unaweza kuwa ni wa mtu ambaye hajalala kwa wiki kadhaa kwa sababu ya maumivu, lakini mgonjwa anapaswa kuamka kirahisi anapoitwa.

Mgonjwa asiyeamshika, anayepumua polepole mno, au ambaye mboni za macho yake zimekuwa ndogo kama nukta huku akipoteza fahamu, apelekwe hospitali mara moja, na asipewe dozi nyingine. Mgonjwa mwenye tatizo la figo yuko katika hatari zaidi na huhitaji viwango vidogo. Pombe na dawa za usingizi zisizoandikwa na daktari huongeza hatari hiyo. Aidha, familia imweleze mtaalamu kuhusu dawa za asili ambazo mgonjwa anatumia.

Mofini ihifadhiwe mahali pa kufungwa, mbali na watoto, na isiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Dozi iliyo salama kwa mgonjwa aliyeizoea inaweza kuua mtoto au mtu mzima asiyeitumia. Kwa hiyo ni marufuku kumgawia mtu mwingine, hata kama anaumwa. Mgonjwa akifariki dunia, dawa iliyobaki irudishwe kwenye kituo ilikotolewa.

Daftari la maumivu

Daftari la kawaida la shule linatosha kuwa chombo cha tiba. Kila tukio linapotokea, anayemuuguza mgonjwa aandike:

- tarehe na saa maumivu yalipoanza;
- mahali yalipo, na yalivyo kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe;
- ukali wake kwa vidole vya mkono;
- mgonjwa alikuwa anafanya nini;
- nyongeza iliyotolewa, kiasi chake na saa yake;
- hali ilivyokuwa baada ya nusu saa na baada ya saa moja;
- siku ya mwisho mgonjwa kupata choo.

Daftari hilo lipelekwe kliniki kila mara. Kabla ya kuondoka, familia ihakikishe imejibiwa maswali manne: dozi ya nyongeza ni kiasi gani, irudiwe baada ya muda gani iwapo maumivu hayajatulia, ni nyongeza ngapi kwa siku zinazotaka taarifa itolewe kituoni, na nani apigiwe simu usiku. Familia isiyo na majibu hayo bado haijakamilishiwa huduma.

Dalili zisizopaswa kusubiri

Si kila maumivu ya ghafla yanatibiwa kwa nyongeza nyumbani. Maumivu mapya ya mgongo yanayoambatana na miguu kulegea, ganzi, au kushindwa kuzuia au kutoa mkojo huweza kuashiria uti wa mgongo uliobanwa. Hiyo ni dharura, na kuchelewa kunaweza kumwacha mgonjwa akiwa amepooza. Maumivu makali ya ghafla ya mguu au mkono kwa mwenye saratani ya mifupa huweza kuwa ni mfupa uliovunjika. Tumbo lililovimba pamoja na kutapika na kukosa choo na hewa huweza kuwa ni utumbo ulioziba. Homa, kutokwa na damu nyingi na kuchanganyikiwa navyo vinahitaji hospitali siku hiyohiyo.

Huduma zilipo na pengo lililobaki

Nchini Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road ya jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1996, ndiyo taasisi ya kitaifa ya saratani na imekuwa mhimili wa huduma za tiba shufaa. Huduma za saratani hutolewa pia na hospitali za rufaa za kanda, zikiwamo Bugando ya Mwanza na KCMC ya Moshi, huku hospitali za mashirika ya dini kama Selian ya Arusha zikiwa na historia ndefu ya kuwafuata wagonjwa majumbani.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 inadhibiti mofini kwa sababu inaweza kutumiwa vibaya, lakini matumizi yake ya tiba yanaruhusiwa kwa utaratibu uliowekwa. Msingi huo unatokana pia na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, unaotambua kuwa matumizi ya dawa hizo katika tiba ni ya lazima kwa ajili ya kutuliza maumivu. Mgonjwa mwenye cheti cha daktari hana sababu ya kuogopa kubeba dawa yake.

Katika ukanda wa Afrika Mashariki, Uganda ilifungua njia. Dkt. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, na mofini ya maji inayotengenezwa kutokana na unga ikawa dawa ya bei nafuu inayoweza kumfikia mgonjwa kijijini. Mwaka 2004 nchi hiyo iliruhusu wauguzi na maafisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, hatua iliyolenga maeneo yasiyo na daktari.

Pengo lililobaki ni kubwa. Ripoti ya Kamisheni ya jarida la Lancet ya mwaka 2017 ilionyesha kuwa kati ya tani 298.5 za dawa za jamii ya afyuni, zikipimwa kwa kulinganishwa na mofini, zilizosambazwa duniani kwa mwaka, tani 0.1 tu ndizo zilizofika katika nchi zenye kipato cha chini. Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama kuingiza tiba shufaa katika mifumo yao ya afya. Kutekeleza azimio hilo kunahitaji dawa kuwapo katika hospitali za wilaya, watumishi kupata mafunzo, na wananchi kufahamu kuwa huduma hiyo ni haki yao.

Wito kwa wananchi

Wananchi wanaouguza wagonjwa wa saratani wanahimizwa kufika katika kituo cha afya kilicho karibu na kueleza kwa uwazi kila tukio la maumivu, hata kama limekwisha kabla ya kufika kwa mtaalamu. Mgonjwa anayeonekana ametulia mbele ya daktari saa 4 asubuhi huenda alilia saa 9 usiku, na bila kuelezwa hakuna atakayejua. Watumishi wa afya nao wanakumbushwa kuwa cheti cha mofini chenye dozi ya ratiba pekee hakijakamilika. Dozi ya nyongeza iandikwe, ipimwe mbele ya familia, na ieleweke kabla mgonjwa hajaondoka, ili maumivu yatakapochomoza usiku dawa iwe imekwisha kufika nyumbani.